Fimbo ya Ndiva na Volkano Kumi na Moja

Shule yetu ina koti jeupe moja. Linaning'inia nyuma ya mlango wa chumba tunachokiita maabara, ambacho zamani kilikuwa stoo ya mahindi na hadi leo mvua ikinyesha kinanuka mahindi. Koti lenyewe lilishonwa kwa ajili ya mtu mrefu mwenye mabega mapana. Nikilivaa nafanana na mtoto aliyejificha nyuma ya pazia. Kwa hiyo, wiki yangu ya kwanza ya kufundisha Fizikia huku milimani, sikulivaa. Niliingia kidato cha kwanza na gauni langu la kitenge na sandali, nikaandika mada ubaoni, nikageuka. Mkono mmoja ulikuwa juu.

"Samahani, madam. Mwalimu wa Fizikia anakuja lini?"

Nikamjibu kwamba ameshakuja. Yule mtoto, kwa adabu zote, akatazama mlangoni.

Miaka imepita na nimeshamfahamu vizuri mtu aliyekuwa akisubiriwa. Kila mwaka nawaomba wanafunzi wapya wanieleze mwanasayansi yukoje, na kila mwaka wananiletea mtu yule yule, utadhani ni ndugu yao. Ni mwanamume. Ni mzee, na mara nyingi ni Mzungu. Nywele zimesimama kama za mtu aliyeshika waya wa umeme. Haogi. Hana mke, au anaye ila amemsahau. Mkononi ana chupa inayotoa moshi, na kazi yake ni kuitazama ile chupa. Nikiuliza moshi ni wa nini, hakuna anayejua, wala hawaoni kwa nini mtu ajisumbue kujua. Moshi upo. Inatosha.

Safari moja niliwauliza kama kuna aliyewahi kumwona mtu wa namna hiyo kwa macho yake. Mvulana mmoja akasimama.

"Mjomba wangu, madam. Alisoma sana, Fizikia ikampanda kichwani. Sasa hivi yuko Same, stendi, anahesabu mabasi."

Darasa zima likatikisa kichwa kwa huzuni. Ushahidi ulikuwa umepatikana.

Ukitaka kucheka, cheka; mimi nilicheka. Lakini naomba nieleze kidogo, kwa sababu jambo hili lina mtego. Mtoto aliyekulia kwenye picha hiyo hasemi kwamba haipendi sayansi. Angesema hivyo ningejua pa kuanzia: ningemwekea sumaku mkononi, ningemwashia balbu kwa betri ya redio, tungeelewana. Yeye anasema, "Mimi siyo mtu wa hivyo." Ni kama aliyesimama nje ya ukumbi wa harusi bila kadi. Umsifie pilau namna gani, yeye haulizi habari za pilau. Anawatazama wanaoingia, anajitazama, anakwenda zake.

Mmoja wao karibu aende zake hivyo hivyo, mbele ya macho yangu, na mimi nikamsaidia kufungua geti.

Alikuwa binti wa kidato cha pili, mtulivu, wa kukaa karibu na dirisha. Siku hiyo nilikuwa nafundisha mgandamizo wa vimiminika. Nilichora ubaoni kopo lenye matundu matatu, la juu, la kati na la chini, kama kitabu kinavyotaka, na maji yakiruka mbali zaidi kwenye tundu la chini. Akanyoosha mkono.

"Madam, hiyo si ndiva yetu?"

Darasa likaangua kicheko. Mmoja akasema, "Mwenzetu kaleta jembe kwenye Fizikia!"

Kwa asiyetoka Upareni: ndiva ni bwawa la mawe na udongo ambalo wazee walilijenga juu ya mashamba. Kijito kinaingia humo usiku kucha. Asubuhi kizibo cha chini kinazibuliwa, maji yanashuka kwa mfereji, na kila kaya inamwagilia kwa zamu. Bila ndiva, maharage ya kiangazi usiyaote. Zamani zamu zilipimwa kwa fimbo iliyosimamishwa ndani ya maji. Maji yakishuka alama moja, zamu yako imekwisha, mpishe mwenzako.

Sasa fimbo ya kijijini kwa kina binti huyu ilikuwa kichekesho cha miaka mingi. Alama zake hazikuwa sawa. Za juu zilibanana, na kadiri unavyoshuka ziliachana zaidi na zaidi. Kila mtu alijua sababu: aliyeichonga alikuwa amekunywa dengelua, ile pombe yetu ya miwa. Kisha simu za mkononi zikafika, na mwenyekiti wa kamati ya ndiva akatangaza kwamba mambo ya fimbo za walevi basi, na mkutano ukampigia kura. Sasa ni saa. Kila kaya nusu saa, kwa haki, kisayansi. Saa ilikuwa ya simu yake. Zamu ya kwanza nayo ilikuwa yake.

Zamu ya mwisho ilikuwa ya kwao yule binti. Mama yake alilalamika kila wiki kwamba nusu saa yao haifiki hata katikati ya shamba. Kamati ikamshauri aache uvivu.

Baada ya kipindi nilimwita. "Hebu nieleze hiyo ndiva."

"Madam, zamu ya kwanza nikisimama kwenye mfereji maji yananifika hapa." Akaonyesha chini kidogo ya goti. "Zamu yetu yananifika hapa." Akagusa kifundo cha mguu. "Na nusu saa ni ile ile."

"Umeangalia mara ngapi?"

"Kila siku ya zamu tangu tufungue shule. Siku nyingine naweka na jani."

"Jani la nini?"

"Naliachia kwenye maji penye jiwe la kwanza, nahesabu hadi lifike jiwe la pili. Asubuhi nahesabu tisa. Zamu yetu nafika ishirini na kitu."

"Nani alikufundisha hivyo?"

Akanitazama kama aliyeulizwa nani alimfundisha kupiga chafya. "Hakuna, madam. Jani lilipita tu, nikahesabu."

Jumamosi nilikwenda kwao. Bibi yake alinikaribisha na sahani ya makande kabla sijamaliza kusema shikamoo. Ile fimbo niliikuta nyuma ya nyumba, imeegemezwa kwenye mgomba kuushikilia mkungu usianguke.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuona fimbo ya mlevi?" bibi akasema. "Aliyeichonga alikuwa baba mkwe wangu. Na kulewa alilewa kweli, sitakudanganya. Lakini asubuhi hakuwa mlevi."

Kijiji kilipoitisha msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuondoa tope kwenye ndiva, binti alishuka ndani ya bwawa tupu na kamba na ile fimbo. Wenzake walimcheka kwamba anapima kaburi. Alipima upana wa bwawa kwenye kila alama, akaandika nyuma ya daftari la Uraia, na Jumatatu akaniletea.

"Madam, ndiva ni kama bakuli. Juu pana, chini pembamba. Kwa hiyo alama fupi ya juu na alama ndefu ya chini zina maji sawasawa. Hakuwa amelewa."

Nadhani hata mtoto aliyewahi kugawana uji na kaka yake anaelewa hili. Ukimpa kaka kidole kimoja cha juu ya bakuli na wewe ukachukua kidole kimoja cha chini, umepunjwa. Kijiji kizima kilikunywa uji, na kijiji kizima kiliicheka ile fimbo. Kisha wakaitupa wakachukua saa, ambayo inapunja zaidi, kwa sababu maji yakiwa mengi yanasukumana kutoka kwa nguvu, na yakipungua yanatoka kwa uvivu. Waliachana na sayansi kwa jina la sayansi, na walifanya hivyo kwa kura.

Nilikuwa na furaha ya kijinga wiki nzima. Nikaamini kwamba kwa mchepuo wa sayansi nimepata mtu. Kabla ya kuingia kidato cha tatu wanafunzi wetu hujaza fomu, na huko ndiko njia zinakogawanyika: sayansi, sanaa, au biashara. Ukishaiacha Fizikia pale, hurudi tena. Fomu zilipogawiwa nikamuuliza binti, kwa kujiamini kabisa, kama ameshajaza.

"Nitaandika sanaa, madam."

"Sanaa? Kwa nini?"

"Mimi siyo mtu wa sayansi."

"Na ile ndiva?"

"Ile siyo sayansi, madam," alisema kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mgeni. "Ile ni maji."

Nikamwomba aniambie ukweli wote. Akatazama chini. "Mama mdogo ana saluni Same. Anasema msichana wa Fizikia anaharibika, anakuwa kama..."

"Kama nani?"

"Kama watu wanaoongea peke yao njiani."

Ni kweli huwa naongea peke yangu njiani. Nahesabu hatua kutoka kanisani hadi shuleni, nina sababu zangu. Sikujua kwamba habari imeshuka mlima hadi saluni.

Nikamwomba jambo moja. Maonyesho ya sayansi ya shule za wilaya yalikuwa Jumatano ile, mjini Same. Aje na fimbo na dumu lenye tundu, awaeleze watu, kisha Ijumaa ndipo ajaze fomu. Akakubali. Nilijua hasa ninachotaka: atazame watu wakimsikiliza, ajione.

Ila sikumhesabu mwalimu wa taaluma. Yeye ndiye anayesimamia masomo yote shuleni, mtu mwema, mchapakazi, ambaye akisikia neno sayansi anavuta tai iwe sawa.

"Fimbo?" aliniuliza. "Tushuke Same na fimbo, kama tunapeleka mbuzi mnadani? Madam, kule kuna mgeni rasmi. Tunapeleka volkano."

"Volkano inaeleza nini?"

"Inatoa povu."

Tukafikia mwafaka, na mwafaka ule ndio unaonisuta mpaka leo. Volkano ya udongo ingekaa mbele. Nyuma yake angesimama mvulana mmoja mrefu, ambaye wenzake humwita kipanga, akiwa amevaa lile koti. Mwalimu wa taaluma alimtafutia na miwani isiyo na vioo. Binti na fimbo yake wangekaa pembeni, mwisho wa meza. Niliitikia. Nilijiambia kwamba pembeni ni bora kuliko kukosa.

Same ilitupokea kama kawaida yake, kwa upepo na vumbi na jua la kukaushia dagaa. Tulipanga meza uwanjani. Mimi nikatembea kuona wenzetu wameleta nini, na hapo nikaanza kuhesabu tena. Shule ya jirani yetu: volkano. Wa kutoka tambarare: volkano. Waliotoka upande wa pili wa milima: volkano mbili, kubwa na ndogo, kwa usalama. Zilikuwa kumi na moja. Milima ya Pare, kwa kadiri ninavyojua, haijamwagia mtu lava hata kidogo, lakini siku ile wilaya ilijilipukia kwa magadi na ndimu tangu saa nne mpaka saa saba. Nyuma ya kila volkano alisimama mvulana mwenye koti jeupe. Wengine makoti yao yalikuwa na nembo ya bucha.

Kabla mgeni rasmi hajafika, nilimsikia kipanga wetu akimnong'oneza binti kutoka nyuma ya miwani yake mitupu.

"Oya, hivi kwa nini inatoa povu?"

"Ndimu ni asidi. Ikikutana na magadi inatoka hewa, hewa inapuliza sabuni uliyotia."

"Aaa! Kumbe." Akarudia kimoyomoyo, midomo ikicheza. Si mvulana mbaya. Alikuwa mrefu, basi.

Mgeni rasmi alifika na msafara wake. Akasimama mbele ya meza yetu, akatazama koti, akatabasamu.

"Mtaalamu! Hii inafanyaje kazi?"

Kipanga akasahau kila kitu. "Ni... ni mchanganyiko wa kemikali, mheshimiwa."

"Safi sana! Mwaona vijana?" Makofi yakapigwa. Kipanga akamwaga ndimu, povu jekundu likapanda, likapita mdomo wa mlima, likamwagikia mkono wa mheshimiwa.

Mwalimu wa taaluma alishtuka kana kwamba lava ni ya kweli. "Maji! Binti, lete maji mgeni anawe!"

Bomba la uwanjani lilikuwa halitoi tone. Maji yaliyokuwapo ni yale ya kwenye dumu la binti, aliyoyabeba kutoka nyumbani kuja kuonyeshea tundu lake. Binti alinitazama. Mwalimu wa taaluma akanitupia taulo. Nami, niliyesoma chuo miaka mitatu, ninayewaambia watoto kila siku kwamba swali ni bora kuliko koti, nikasogea na taulo. Binti akamnawisha mheshimiwa kwa maji yake yote ya maonyesho, taratibu, akiwa amepiga goti kidogo kama alivyofundishwa nyumbani.

"Ahsante, binti mzuri," mheshimiwa akasema akijifuta. Macho yake yakaangukia fimbo. "Na hii? Ya kufukuzia ngedere?" Msafara ukacheka. Wakahamia volkano ya tano.

Walipoondoka nilimkuta binti amekaa kwenye kopo lililopinduliwa, ameishika fimbo magotini. Nikaanza kumsogelea. Kabla sijamfikia, alisimama mbele ya meza mfugaji mmoja wa tambarare, mzee wa Kimaasai, mwenye shuka na dumu dogo la maji ya kunywa begani. Alikuwa amekuja kumtazama mwanaye anayesoma shule ya huko chini. Alinyoosha kidole kwenye tundu la dumu letu, ambalo lilikuwa likidondosha tone, tone.

"Hii inafanya nini, mwanangu?"

"Shikamoo, mzee. Sasa hivi halifanyi kitu. Maji yameisha. Yakiwa mengi yanaruka mbali, yakipungua yanadondoka hivi."

Mzee akafikiri. "Kama birika letu la kunyweshea. Bwawa ikijaa, ng'ombe ya kwanza inashiba haraka. Ya mwisho inalamba tu. Nilisema bomba ni mbovu. Kwa nini maji inachoka?"

Binti akasimama. "Hayachoki, mzee. Yaliyo juu yanayasukuma ya chini. Yakiisha ya juu, hakuna wa kusukuma."

"Nionyeshe."

"Sina maji, mzee."

Mzee akashusha dumu lake, akafungua kifuniko, akamimina maji yake ya kunywa kwenye dumu letu mpaka nusu. Same, saa saba mchana. Maji yakaruka mbali, yakalowesha vumbi hatua mbili mbele ya meza. Yakapungua, yakasogea, yakasogea, yakawa yanalamba ukuta wa dumu. Mzee akacheka kwa sauti.

"Kumbe bomba ni nzima!" Akauliza mengine manne. Aliuliza kama wakichimba bwawa pana badala ya refu itakuwaje. Binti hakulijua hilo, akasema hajui, na nilimwona akilihifadhi kichwani.

Volkano yetu ilipata nafasi ya pili. Waamuzi waliandika kwamba tumesifika kwa "mwonekano wa kitaalamu".

Niliamini yule mzee ameokoa siku. Ijumaa binti akaniletea fomu mezani ofisini. Sanaa.

"Hata baada ya yule mzee?" nikauliza.

"Yule mzee hakuwa mtu wa sayansi, madam. Naye hakuwa na koti, kama sisi." Akasita. Kisha akasema, bila hasira, akitazama kona ya meza: "Na wewe ulishika taulo."

Nikasema, "Nimekosa. Nisamehe." Walimu wawili waliinua vichwa kutoka kwenye madaftari yao. Mwalimu kumwomba radhi mwanafunzi si jambo linaloonekana kila muhula. Nikaongeza kwamba yale maji yalikuwa yake na kazi ilikuwa yake, na mimi ndiye niliyekubali awekwe pembeni, kabla hata hatujashuka mlima. Nikamwambia kwamba fomu itakaa kwenye droo yangu hadi Ijumaa inayofuata, ndiyo siku ya mwisho kabisa, na akiitaka hivyo hivyo ilivyo nitaipeleka hivyo hivyo.

Alipofika mlangoni akageuka. "Madam, kesho asubuhi kamati ya ndiva inamwita mama kwa sababu ya kulalamika. Nitakwenda na fimbo. Ukitaka kuja, njoo. Lakini usiongee."

Nilikwenda. Kamati ilikuwa imekaa juu ya ukuta wa ndiva, mwenyekiti akiwa na simu mkononi kama askari mwenye kirungu. Mama yake binti alisimama kando, ameinamisha kichwa. Binti akaamkia wote, akaomba ruhusa, akaeleza: goti na kifundo, jani na mawe mawili, bakuli na alama. Alizungumza Kiswahili kidogo na Kipare kingi, na pale aliposema kwamba mchongaji hakuwa amelewa, bibi yake akaguna kwa sauti kubwa.

Mwenyekiti akanigeukia. "Madam, wewe ndiye mtaalamu. Ni kweli anayosema?"

Ulimi uliniwasha, nakiri. Nilikuwa na maelezo mazuri, yenye mfano wa pampu ya baiskeli. "Mimi nimekuja kusikiliza, mzee," nikasema. "Muulizeni yeye."

"Lakini sisi tunatumia saa! Saa ni sayansi."

"Sawa, baba," binti akasema. "Basi tugeuze. Wiki ijayo sisi tuanze, wewe uwe wa mwisho. Nusu saa ni nusu saa."

Watu wakacheka. Mwenyekiti naye alicheka, maana angekataa angeonekana ana la kuogopa. Akakubali, mbele ya wote.

Jumatano jioni alikuwa akipita nyumba kwa nyumba akitafuta nani ameziba mfereji. Alhamisi alisema panya wametoboa ukingo. Mama yake binti, kwa upole mkubwa, akamshauri aache uvivu. Ijumaa asubuhi kamati ilimtuma mtu kwa bibi kuifuata fimbo, na bibi alikataa kuitoa mpaka waje na mti mwingine wa kuegemezea mgomba.

Siku hiyo hiyo, wakati wa mapumziko, binti alikuja kuomba fomu yake. Alikata neno sanaa kwa rula, mstari mmoja ulionyooka, akaandika sayansi juu yake.

"Sijasema nitakuwa mwanasayansi, madam," akanionya. "Yule mzee aliuliza kuhusu bwawa pana. Bado sijui."

Nikamsindikiza kwa mwalimu wa taaluma. Akaisoma fomu, akavuta tai. "Sayansi! Vizuri sana. Ila hapa chini, kwenye kazi unayotaka kufanya, umeandika nini? 'Kugawa maji.' Hiyo siyo kazi ya kisayansi, binti. Andika daktari."

Nilifumba mdomo wangu kwa nguvu zote.

"Daktari anagawa maji, mwalimu?" binti akauliza.

"Hapana. Basi andika injinia."

"Injinia anajua ya bwawa pana?"

"Anajua, bila shaka."

"Akija nitamuuliza. Mimi nimeandika ninachotaka kufanya."

Mwalimu wa taaluma akafungua droo kutafuta wino mweupe wa kufutia. Akaitikisa ile chupa, akaitikisa tena. Ilikuwa imekauka. Akanitazama, nikatazama dirisha. Akapiga muhuri.

Orodha ya mchepuo wa sayansi imebandikwa ukutani. Mwaka huu tuna wasichana watano. Wanne wameandika daktari.